Kanda ya Njano Haina Mwenyewe

Wakubwa wakifanya mazoezi ya uokoaji huruka sehemu inayotoa jasho. Nimehudhuria mazoezi yao yote, na mimi sisahau.

Kule uwanja wa shule walitandaza tepe za rangi tatu. Kanda nyekundu: humo yumo mtu mwenye bunduki, waingie polisi peke yao. Kanda ya kijani: huku nje, salama, magari ya wagonjwa yanangoja. Katikati, njano: risasi zimepita, huenda zikarudi. Humo ndimo sisi wauguzi tunapaswa kuingia tukizungukwa na polisi, tufunge majeraha, tutoke na watu. Wanaopona, hupona kwa sababu ya njano.

Tulipoifikia, mgeni rasmi akatazama saa. "Hiyo tuichukulie imefanyika," akasema mshereheshaji, tukahamia kwenye hotuba. Zoezi lililofuata, yale yale. Nikasimama nikauliza: siku ya siku nani atasema "ingieni"? Polisi au sisi? Nikaambiwa nina mdomo. Ninao, ndiyo. Wa kulia ugali tu?

Siku ya siku ikaja. Kiwanda cha nguo, asubuhi, mlinzi aliyefukuzwa kazi karudi na bunduki. Tulipofika, polisi walikuwa wamembana ghorofa ya juu kabisa. Chini, chumba cha kukatia vitambaa, mshonaji mmoja alikuwa amelala, risasi imempiga pajani. Mwenzake wa cherehani ya jirani alikuwa naye, akiongea nami kwa simu.

"Dada, hiki kitambaa nacho kimelowa."

"Kandamiza kwa goti. Weka uzito wako wote."

"Analalamika namuumiza."

"Mwache alalamike. Akinyamaza, niambie."

Mkuu wetu wa operesheni alisimama nyuma ya utepe wa kijani, mikono mgongoni.

"Nangoja polisi watangaze njano," akasema.

Nikamkimbilia sajenti, aliyejibanza na watu wake kwenye nguzo ya geti.

"Mbona hamtangazi?"

"Sisi? Tunawangoja nyinyi mseme mko tayari!"

Unaona? Kama wakwe wawili mlangoni: pita wewe, hapana, tangulia wewe. Na ndani mtu anakwisha.

Simu ikasema, "Dada, amenyamaza."

Nikarudi kuchukua mkoba. "Mkuu, sajenti yuko tayari. Sema neno moja tu."

"Ngoja niwasiliane na makao makuu."

"Wasiliana. Mimi naingia."

"Ukivuka huo utepe, kazi huna!"

"Basi hii nitaifanya bure."

Nikauvuka. Dereva wetu, tunayemwita Breki kwa kuwa hazitumii, akanifuata na machela. "Nibaki nikilinda matairi?" akanong'ona.

Nikamwambia sajenti, "Afande, chini hapa ni njano. Natangaza mimi."

"Mama, wewe ni nani wa kutangaza?"

"Mimi nina dawa, wewe una bunduki. Nini kimepungua?"

Akaguna, kama mtu aliyeombwa kitu alichokuwa akitamani kutoa. "Wawili mbele, wawili nyuma. Nikisema lala, unalala. Usinibishie."

"Hapo sibishi."

Tukaingia tukiambaa ukuta. Mashine zilikuwa bado zinanguruma bila watu. Mlio ukapasuka juu. "Lala!" Nikalala, shavu kwenye vumbi la pamba. "Twende!"

Mshonaji alikuwa wa kijivu midomoni. Mwenzake alilia, lakini goti hakuliondoa. Nikapitisha mkanda juu ya jeraha, nikakaza, nikazungusha kijiti mpaka damu ikakatika. Mgonjwa akafumbua macho akanitukana mimi na mama yangu. Sijawahi kulifurahia tusi kama lile.

Tukamtoa. Breki akaondoka naye, na kwa mara ya kwanza nikamwombea asikumbuke breki. Alifika hai, nilikuja kuambiwa baadaye.

Lakini pale utepeni yule mwenzake wa cherehani, aliyetoka nasi, alinishika mkono. "Dada, stoo kuna wengine wawili."

Mkuu akasimama mbele yangu, simu sikioni. "Umeshavunja amri mara moja. Makao makuu bado hawajajibu. Hakuna anayeingia!"

Sajenti hakumtazama. "Mama, tunarudi?"

Nilikuwa najaza mkoba. Nilipoinua kichwa, wauguzi wa gari la pili walikuwa wameshauinua utepe, wanapita chini yake mmoja mmoja. Mkuu akapaza sauti kwamba yeye hajatangaza chochote.

Hatukugeuka.