Akamwani ya Mama Mkwe

Kwa miezi miwili watu wa Nyabiyonza walinitii kuliko wanavyomtii padre, na bado presha zao hazikushuka. Jambo hilo lilinikera mno.

Naitwa Jenifa, nina duka la dawa hapa senta. Mradi mmoja ulinipa kipimo cha presha na simu ya kuingizia takwimu. Nampima mteja, simu inachora mwenendo wake, nami namshauri: punguza chumvi, punguza rubisi, pombe yetu ya ndizi, tembea. Ila namba zisiposhuka kwa miezi mitatu, vifaa vinahamia duka la Isingiro.

Aliyeniumiza roho zaidi ni mzee Protase. Aliacha rubisi, jambo ambalo mkewe aliliombea novena miaka kumi na moja, na shambani akawa anakwenda kwa miguu badala ya bodaboda. Nikampima: mia hamsini na nane, vilevile. Akaniambia kwa upole kwamba Jumatatu akija na hali ikiwa hiyohiyo, anarudia pombe yake, maana haoni sababu ya kuteseka bure.

Alipotoka nilifungua michoro ya wateja wote. Mmoja tu ulikuwa umeshuka, wa bibi Anatolia. Ana nini huyu? Kutembea hatembei, magoti mabovu. Chumvi anakula kwa ubishi. Nilipomlinganisha na wengine, niliona tofauti moja tu: bibi Anatolia hana meno.

Nikainua macho. Kwenye benchi la kusubiria, mama mkwe wangu, Restuta, alikuwa anapitisha kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama afanyavyo kwake mgeni akifika. Wote walitafuna. Bibi Anatolia alifunga zake kwenye pindo la kanga ampelekee mjukuu. Nami, niliyefundishwa darasani kwamba mtu asipimwe akiwa ametoka kunywa au kutafuna kahawa, maana hupandisha presha kwa muda, kila asubuhi nilimsifu mama kwa ukarimu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nilipiga magoti nikamweleza.

"Mgeni akae kwangu mdomo mtupu?" aliuliza. "Watu watasema nini?"

Nikamwomba awape wakishapimwa. Alinuna siku mbili, kisha akahamishia kiti chake nje, barazani.

Jumatatu Protase alikuja. Mia thelathini na moja. Akaomba nirudie, nikarudia, ikawa ileile. Alivua kofia akaishika mapajani.

"Mwanangu," alisema, "kumbe nilikuwa napona na hatujui."

Machozi yalinilenga, nikajifanya natafuta kalamu. Nje, mama alimjazia kiganja, naye akatafuna taratibu akielekea shambani kwa miguu.

Mwezi wa tatu ulipokwisha, vifaa vilibaki Nyabiyonza. Siku hiyo mke wa Protase aliingia dukani na mkungu wa ndizi kichwani. Nilimwandalia kiti apimwe, akakataa. Aliutua mkungu juu ya kaunta, akasema tu kwamba siku hizi mumewe anarudi nyumbani mapema.