Nondo za Juu

Printa ilitema karatasi, Rula akaichukua bila hata kuitazama. Ya nini kuitazama? Mchoro aliuchora mwenyewe, akaukagua mwenyewe, na hii ilikuwa nakala tu, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameimwagia chai nakala yake. Akaikunja. Halafu, kwa mazoea tu ya mtu aliyelelewa na fundi, akaikunjua na kuisogeza dirishani.

Nondo za juu hazikuwemo.

Akageukia kompyuta. Zimo, nyekundu, zimenyooka vilevile alivyozilaza. Akarudi kwenye karatasi. Hazimo. Kwenye skrini zimo, kwenye karatasi hazimo. 

Sasa wewe ambaye hujawahi kumwaga zege, ngoja nikueleze upesi, maana Rula mwenyewe hana muda huo. Roshani aliyoichora ilitokeza ghorofani, nje ya ukuta, hewani, haina nguzo hata moja. Roshani ya namna hiyo hubebwa na nondo zinazopita juu, zikaingia ndani ya nyumba na kuivuta isiiname. Za chini ni wasindikizaji. Ukimwaga zege bila za juu litakauka vizuri, litapendeza, hata picha utapiga, mradi chini yake kuna miti ya kulishikilia. Ubaya utauona siku ya kutoa miti.

Na siku yenyewe ilikuwa leo.

Asubuhi baba yake alipita kwake, akanywa chai akiwa amesimama, kama kawaida yake. "Leo navua mbao za roshani yako," alisema, uso wote unacheka. "Uje uone." Mafundi walimwita Timazi, kile kipimo cha kunyooshea ukuta, kwa vile hakuna ukuta wake uliowahi kuinama, na binti yake wakamwita Rula kwa sababu hiyohiyo, mtoto wa nyoka ni nyoka. Timazi alikuwa na sheria yake moja, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye hiyo. Mti wa mwisho hakumwachia mtu. Aliwatoa wenzake wote, akaingia chini peke yake na nyundo, akaugonga mwenyewe, zege likiwa juu ya kichwa chake. "Fundi anayeogopa kusimama chini ya zege lake," alipenda kusema, "asimjengee mwenzake."

Rula alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, huku akijua fika simu ya baba yake inalala wapi saa za kazi: kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya begi, vumbi lisiiharibu.

"Pokea, baba. Nakuomba, pokea."

"Kuna nini tena?" Bosi wake alichungulia kutoka chumba cha pili. Alikuwa msanifu majengo mzuri na mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki.

 Rula alimwonyesha karatasi, kisha skrini. Bosi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mdogo Mtu! Si nilisema? Si nilisema mimi? Rahisi ghali!"

Mdogo Mtu lilikuwa jina la utani la programu yao mpya ya kuchorea. Ile kubwa, inayotumiwa na kila ofisi ya ramani, waliiita Kaka, na Kaka alikuwa amewashinda kwa gharama. Rula ndiye aliyeitafuta hii ya bei nafuu. Ndiye aliyeapa kwamba faili la Kaka litafunguka kwa Mdogo Mtu, na la Mdogo Mtu kwa Kaka, mstari kwa mstari, pasipo kupotea hata nukta. Bosi alikubali shingo upande.

Kwa kitambo kidogo Rula alitamani sana iwe kweli. Iwe ni programu. Akafungua sehemu ya matabaka. Mchoro wa kompyuta ni kama karatasi nyembamba zilizolaliana: kuta zina tabaka lake, milango lake, nondo za chini lake, za juu lake. Kando ya kila tabaka kuna alama ndogo ya printa, na ukiizima, tabaka linabaki kwenye skrini lakini halichapwi. Kwa Kaka ni hivyohivyo. Mdogo aliiga mpaka tabia. Kando ya nondo za juu, alama ilikuwa imezimwa.

Akakumbuka yote. Siku za mwisho za Kaka alichapa mchoro huu kwa programu zote mbili ili alinganishe vipimo vya kuta. Nondo za juu zilikuwa zinapita juu ya namba, zinamsumbua macho, akazizima. Karatasi zikalingana, Bosi akashangilia, wakagongeana mikono na kwenda kula. Kuziwasha tena, wapi! Na karatasi ya baba yake ilitoka kwenye faili hilohilo.

"Si programu, bosi," alisema. "Ni mimi."

Akatoka mbio, mlango akauacha wazi, mkoba akausahau juu ya kiti.

Nyumba ilikuwa mtaa wa pili, nyuma ya karakana ya magari. Si mbali. Siku nyingine angefika huku akiongea na simu. Leo njia ilirefuka. Alikimbia na viatu vya ofisi, akapishana na watu waliomtazama kama mwizi, na muda wote masikio yake yalikuwa mbele yake, yakisikiliza. Aliogopa kusikia kishindo. Aliogopa pia asisikie kitu, maana huenda kishindo kilishapita alipokuwa anabishana na Bosi.

Akiwa kwenye kona, kitu kikalia puu!

 Alishika ukuta wa nyumba ya watu, macho kayafumba, akanong'ona "mama yangu" mara nyingi asijue anamwita nani, kwani mama yake alishafariki. Alipofumbua aliona lori limeangusha mlango wake wa nyuma, na wapakuzi wanacheka. Alitaka kuwatukana. Pumzi hakuwa nayo.

Akakimbia tena.

Aliiona roshani kabla ya kumwona baba yake. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, jinsi ilivyokuwa nzuri, pembe zake zimekatwa sawasawa. Mbao zote zilikuwa zimelazwa pembeni. Mafundi walikuwa wamesimama barabarani, wamepanga mstari kama watazamaji wa mpira. Chini ya roshani ulibaki mti mmoja, kwenye ukingo wa nje, na kando ya mti baba yake, kofia kichwani na nyundo mkononi.

"Baba, toka!"

Timazi akamwona, akafurahi. "Eeh, umewahi! Simama hapo hapo uone."

"Toka chini ya hiyo!"

"Subiri nimalize, mwanangu." Akaugonga mti mara moja. Mti ukasogea kidogo, na juu kitu kikalia tiki, sauti ndogo tu, kama ya kijiti kinachovunjwa.

Rula hakufikiri. Angefikiri asingeingia. Aliingia chini ya roshani aliyoichora, akamshika baba yake kiunoni, akamvuta kwa nguvu zote, mzee wa watu, mbele ya mafundi wake. Kofia ikaanguka, nyundo nayo.

"We mtoto una wazimu?" Timazi alifoka walipofika barabarani. "Unanivuta kama mbuzi?"

"Nondo za juu hazimo," alisema Rula.  "Zilitakiwa ziwemo. Hazikutoka kwenye karatasi."

 Hasira ikamtoka Timazi usoni papo hapo, na kilichobaki Rula hakukipenda, kwa sababu hakikuwa mshangao. Mzee aliitazama roshani pale inapokutana na ukuta. Kulikuwa na mstari mwembamba ambao haukuwepo asubuhi.

"Rudini nyuma," aliwaambia mafundi kwa upole. "Wote. Mpaka ng'ambo." Kisha akajipapasa kiunoni. "Nyundo yangu."

"Iache."

"Iko palepale karibu, naiona."

"Baba, iache!" Rula alimshika shati kwa mikono yote miwili. Alisikia kishikizo kimoja kikikatika, hakuachia. Walikuwa bado wanavutana hivyo mti ulipoteleza. Roshani haikuanguka kwa haraka. Iliinama kwanza, kama mtu anayechungulia chini, halafu ikaja yote, na ardhi ikatikisika mpaka miguuni pao.

Vumbi likawafunika.  Lilipotua, mmoja wa mafundi alianza kuhesabu wenzake kwa kidole, akahesabu tena. Walikuwa wametimia. Pale alipokuwa amesimama Timazi palionekana zege tu.

Bosi alifika akihema, shati limelowa. "Naifuta!" alipayuka. "Hiyo programu naifuta leo leo!"

"Programu haina kosa," alisema Rula. "Nimeshakwambia."

Timazi alikuwa amekaa juu ya tofali. 

"Niliona," alisema.

"Uliona nini, baba?"

"Siku tunafunga nondo. Niliona za juu hazipo. Hawa wenzangu wakaniuliza, mzee, za juu vipi? Nikawaambia karatasi ya binti yangu haikosei, siku hizi kompyuta inapiga hesabu." Akafuta vumbi mdomoni. "Nondo zilikuwepo, zimebaki. Ningeweza kuziweka. Lakini jina lako limeandikwa pale pembeni. Nikasema nikiongeza mbele yao, nitakuwa nimekuaibisha."

"Si ungenipigia simu?"

"Niliishika. Nikairudisha kwenye begi. Nikasema utaona baba yako hakuamini."

Rula alilia pale. Alilia kwa sauti, barabarani, bila kujali nani anamwona, na hofu ambayo alidhani imekwisha ikaja upya, kubwa kuliko ile ya mbio. Mtu huyu alikuwa ameingia chini ya zege hilo anajua. Aliingia na nyundo yake, anacheka, kwa ajili ya kulinda heshima ya binti yake.

Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Niulize sasa," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Ulichotaka kuniuliza siku ile. Niulize hapa, mbele yao."

"Yameshapita, mwanangu. Twende nyumbani."

"Hayajapita. Niulize, baba."

Timazi aliwatazama mafundi wake, akamtazama Bosi. Akasimama taratibu, akasafisha koo, akauliza kwa sauti ambayo watu wote wa mtaa ule waliisikia.

"Binti, nondo za juu ziko wapi?"

"Nilizizima, baba," alijibu Rula, naye kwa sauti. "Nikasahau kuziwasha."