Rangi ya Kerenge

Deogratius alikuwa na kazi ambayo shangazi yake, Salome wa Manundu, Korogwe, hakuwahi kujua namna ya kuwaeleza majirani. Alikuwa fundi wa maajabu kwenye picha za video. Damu, moshi, mzimu unaotoka ukutani, vyote vilikuwa vyake. Mwaka huo wa elfu mbili na tatu kila mwenye kamera Dar es Salaam alikuwa ameshajiita kampuni, na fundi wa namna yake alikuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Kampuni ya Mdoe ilikuja nyika ya Handeni katikati ya kiangazi kupiga picha ya ziwa linalogeuka damu. Ziwa lenyewe lilikuwa lambo la kunyweshea mifugo, tena limebaki robo tu. Kwenye pikapu walibeba pipa zima la rangi. Mdoe, mwongozaji, alisema wamimine lote, mvua zikija zitasafisha. Maneno hayohayo aliyasema kijijini Kerenge, huko Korogwe, miaka miwili nyuma, na aliyemimina ni Deogratius, kwa mikono yake miwili.

Ya Kerenge ngoja niyaseme upesi, maana Deogratius mwenyewe alikuwa hapendi yasemwe. Walitia rangi kibwawa cha watu, wakapiga picha, watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa pale, Grasiana, mwenye khanga ya kijani, aliwaletea mahindi ya kuchemsha. Wakaondoka. Wiki mbili baadaye shangazi aliandika kwamba mbuzi sita wa Grasiana wamekufa. Deogratius akajiambia mbuzi hufa kila siku. Siku kumi zikapita, ikaja barua ya pili. Hiyo hakuifungua. Aliisokomeza kwenye mfuko wa ndani wa begi lake la vifaa, akatia pamba masikioni, na begi hilo akalibeba miaka miwili barua ikiwa humohumo. Mtu mzima na ndevu zake! Hata safari hii walilala Korogwe, hatua chache tu kutoka kwa shangazi, na hakwenda kumsalimia.

Basi pale lamboni walimkuta mama mmoja wa Kimaasai, Naipanoi, na punda wake wawili wenye madumu. Walisalimiana vizuri. Aliuliza pipa lile ni la nini, wakamweleza, naye akasema kwamba ndama wake na watoto wake wote wanakunywa hapo, na maji mengine ni mwendo wa nusu siku. Mdoe akajibu kwamba ni rangi tu. Naipanoi akamwacha Mdoe, akamgeukia Deogratius.

"Mkishaondoka, haya maji yatanyweka?"

Deogratius aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Alimwambia Mdoe kwamba hamimini kitu. Alikuwa na karatasi ya nailoni nyekundu, ile ya kufungia zawadi za harusi; angeifunga mbele ya lenzi na maji yangeonekana damu bila kuguswa. Walibishana mpaka jua likafika utosini. Mwishowe Mdoe akampa nafasi ya kujaribu mara moja tu. Ikishindikana, pipa linaingia majini.

Naipanoi aliombwa asimame nyuma ya kamera na punda wake. Upepo ulikuwa umekata kabisa. Deogratius alipiga dakika mbili za lambo tupu, halafu wakaunganisha televisheni ndogo kwenye betri ya gari wakatazame.

Sasa, kila mtu anajua nailoni nyekundu hufanya kila kitu kiwe chekundu. Lakini kwenye televisheni mbingu ilikuwa ya bluu na nyasi zilikuwa kavu vilevile zilivyo. Maji peke yake ndiyo yaliyokuwa mekundu, mazito, yametulia. Mdoe alijipiga paja kwa furaha. Deogratius akasogea karibu na kioo.

Upande wa kushoto akaingia mbuzi, akainama kunywa. Akaja wa pili, na wa tatu, mpaka wakatimia sita. Mdoe aliuliza hao mbuzi wa nani. Wote waligeuka kutazama lambo, na ukingoni hapakuwa na hata kwato. Waliporudisha macho kwenye televisheni, nyuma ya mbuzi alikuwa amekuja mwanamke na ndoo. Alichota, akaiweka ndoo chini, kisha akateka kwa kiganja.

"Yule mama wa khanga ya kijani ni wa wapi?" Naipanoi aliuliza. "Mwambieni asinywe."

Deogratius alilifuata begi lake. Akaitoa ile barua ya pili, akaichana bahasha vibaya kwa haraka.

"Mwanangu Deo, kumbe Grasiana naye alikuwa anakunywa yale maji. Yuko hospitali, hali yake si nzuri. Daktari anauliza mliweka kitu gani mle, akikijua atajua pa kuanzia. Jibu upesi, hata kwa kondakta wa basi. Shangazi yako, Salome."

Aliisoma mara mbili. Hakuhitaji kuuliza yaliyofuata. Jibu alilolingoja daktari lilikuwa na maneno machache tu, naye alikuwa nalo kichwani muda wote ule.

Mdoe, uso umempauka, alianza kusema mkanda ni mbovu, wamimine tu pipa wapige upya wamalize. Deogratius alipanda kwenye pikapu akasimama mbele ya pipa. Akalitazama lambo, akasema kwa sauti, polepole, kama mtu anayeandikiwa na karani.

"Ni rangi ya nguo ya kiwandani. Na kilo tano za mrututu, ile chumvi ya buluu yenye sumu, ili isipauke juani. Nilimimina mimi."

Hakuna aliyethubutu kulishusha lile pipa. Naipanoi alishuka majini akajaza madumu yake, akawafungia punda, akaondoka bila kuaga.

Deogratius aliurudisha mkanda mwanzo, akauangalia peke yake. Maji, mbingu, nyasi, vyote vilikuwa vyekundu, kama nailoni inavyofanya siku zote. Aliutazama mpaka ukaisha. Ukingoni hapakuwa na mbuzi, wala mtu wa kuambiwa asinywe.