Makubazi ya Ofosuhene

Mto wetu ulikuwa umegeuka tope, watoto wanaharisha, na wazee wa baraza walikuwa wamekaa tangu asubuhi wakichagua neno la kumwondolea chifu!

"Tuseme apumzishwe," alisema Opanin Badu, mkubwa wao.

"Kwani amechoka?" nilimuuliza.

"Basi ang'atuke."

"Anayeng'atuka huinuka mwenyewe, Opanin. Huyu umemwona akiinuka?"

Gyamera, msemaji wa chifu, alikohoa. "Kupindua ni kazi ya wanajeshi, Nana. Kuuzulu, hilo neno la serikali. Na kumfukuza..."

"Hufukuzwa mbwa," Badu alidakia.

Walicheka. Walicheka! Na chifu mwenyewe, Ofosuhene, alicheka nao pale kigodani. Alikuwa amekwisha wauzia wachimba dhahabu kingo za mto, na adhuhuri hiyo walikuwa wanakuja kukabidhiwa chemchemi, maji pekee safi tuliyobakiwa nayo. Alijua wazee wangebishana mpaka mashine zifike.

Mimi Afrakoma, ninayeitwa Nana kwa heshima, ndimi mama wa mji huu. Ni mimi niliyemtaja Ofosuhene akalie kigoda, na ni mimi niliyemzaa. Nilimwonya faraghani, nikamwonya mbele ya watu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye, na mimi nilikuwa nimelia vya kutosha.

"Chemchemi utaiacha?" nilimuuliza mara ya mwisho.

"Nana, tulia. Wazee wanazungumza."

Nikainuka. Kwetu chifu hakanyagi ardhi kwa unyayo mtupu. Akiikanyaga, uchifu wake umekwisha, uwe umesema au hukusema. Kila mzee pale alilijua hilo, na kila mmoja alikuwa akitazama dari.

"Nana, subiri kwanza tukubaliane," alisema Badu.

"Kubalianeni. Mimi nina kazi."

Nilipiga magoti mbele ya kigoda, magoti haya yanayouma, nikashika kubazi la kulia. Nilidhani atanipiga teke. Nilidhani atawaita walinzi. Lakini aliinua mguu mwenyewe, kama alivyokuwa akiinua nilipomvua viatu akirudi shule, kisha akauinua wa pili.

Nyayo zake zikagusa udongo. Hakuna aliyecheka.

"Mama," alisema. Tangu akalie kigoda hakuwa ameniita hivyo.

Nilitamani kumvisha tena. Nikayakumbatia yale makubazi, nikamwambia Gyamera aende akafunge njia ya chemchemi.