Kikombe kwenye Msumari wa Nne

Kwenye kambi ile ya kando ya ziwa, nafasi haiwekwi kwa simu wala kwa barua. Ofisini kwa mtunza kambi kuna ubao wenye misumari kumi na miwili, mmoja kwa kila kibanda cha mbao. Siku zako zikiisha unafagia kibanda, unarudisha ufunguo, na unatundika kikombe chako cha bati kwenye msumari wa kibanda hicho. Kikombe kikishakaa pale, mwakani kibanda ni chako, aje nani asije nani.

Bibi mmoja, fundi cherehani, alikuwa na kibanda cha nne kwa miaka thelathini na mmoja. Kikombe chake kilikuwa cha bluu, chenye pengo ukingoni kama jino lililong'oka. Kila mwaka yeye alifagia, maana hakuamini ufagio wa mtu mwingine, na mdogo wake wa kike alipeleka kikombe ofisini, maana kilima cha ofisi ni kikali na magoti ya mdogo yalikuwa bado mapya.

Safari hii Bibi alikwenda na mjukuu wake wa miaka saba, binti ambaye kwa wingi wa maneno walimwita Chiriku. Mama yake Chiriku, mtoto pekee wa Bibi, alifariki binti huyo akiwa hajaota hata jino. Na kwenye mwimo wa mlango wa kibanda cha nne, marehemu alikuwa akipimwa kimo kila mwaka na kuchongewa alama kwa kisu, tangu alipoweza kusimama hadi alipompita baba yake. Alama ya mwaka wa saba alijichongea mwenyewe kwa ubishi, ndiyo maana ilikwenda upande. Bibi alikuwa amemwahidi mjukuu kwamba akitimiza saba atamsimamisha pale, waone nani mrefu, yeye au mama yake. Ahadi ile Chiriku alikuwa akilala nayo na kuamka nayo.

Mdogo mtu aliwapitia asubuhi na gari-nyumba lake, zawadi ya mwanawe aliyeoa mwaka juzi. Gari lina kitanda, jiko, sinki na kabati, kila kitu kimefungwa kwa vishikizo kisiruke barabarani. Njiani Bibi akatega.

"Kitendawili."

"Tega," akasema Chiriku.

"Nyumba yangu haijui jirani."

"Gari la Bibi Mdogo."

Mdogo mtu akacheka, akacheka zaidi ya kitendawili kilivyostahili. Bibi akaliona hilo, akalifunga kwenye pindo la kanga ya moyo wake.

Walipokaribia lango, mdogo alisema bila kugeuza shingo kwamba kibanda cha nne kimefungwa. Paa limeoza, mafundi wamo, hakuingiliki. Alisahau kumwambia mapema, mambo mengi. Lakini gari lina nafasi, watalala humo kama wafalme. Chiriku akauliza kama mlango nao umeoza. Bibi Mdogo akamwambia watoto wazuri hawaulizi maswali mtu akiwa anaendesha.

Bibi hakubisha. Ningebisha vipi, alijiuliza, na huyu ndiye niliyembeba mgongoni mama yetu akiwa shambani? Alimwambia mjukuu kwamba paa hutengenezwa, na miaka saba ina siku nyingi ndani yake. Mtoto akageukia dirishani.

Asubuhi ya pili Bibi aliamka wa kwanza, akatafuta kitu cha kunywea maji. Akafungua kabati la juu ya sinki. Ndani, nyuma ya dawa ya meno, kulikuwa na kikombe cha bluu kilichojaa miswaki. Akakizungusha taratibu. Pengo likamtazama.

Kikombe hiki alimkabidhi mdogo wake mwaka jana, siku ya kuondoka, mkononi, kimeoshwa. Kilitakiwa kuwa kwenye msumari.

Akatoa miswaki, mmoja mmoja, akailaza kwenye sinki. Akajifunga kanga, akapanda kilima cha ofisi kwa magoti yake mwenyewe.

Mtunza kambi, mzee mwenye sauti ya upole, alifurahi kumwona na akampa pole. Bibi akauliza pole ya nini. Ya magoti, akasema mzee. Si mdogo wako alinieleza mwaka jana kwamba huwezi tena safari hizi, na kibanda umemwachia yeye? Akaonyesha ubao. Kwenye msumari wa nne kilikuwa kimening'inia kikombe kipya cha maua mekundu. Bibi akauliza habari ya paa. Paa gani, mama?

Akateremka moja kwa moja hadi kibanda cha nne. Kwenye kamba palikuwa na taulo zisizo zake. Barazani alikuwa amekaa mama mmoja anamenya machungwa, na Bibi akamtambua kwa picha za harusi: ni mkwe wa mdogo wake, mama mzazi wa bibi harusi, amekuja na mumewe. Yule mama akainuka, akampisha kiti, akasema mengi mazuri juu ya mdogo wake, jinsi alivyowapa kibanda chake, na jinsi alivyokuja wiki iliyopita na kopo la rangi akapaka mlango mzima wakute pasafi.

Hapo ndipo Bibi alipoutazama mwimo. Ulikuwa mweupe kama maziwa, juu hadi chini.

Alimweleza yule mama, kwa maneno machache, kulikuwa na nini pale. Mama akaliacha chungwa likabingirika. Hakuwa akijua lolote, na aibu ikamwingia isiyokuwa yake. Mumewe alikwenda kumleta Chiriku.

Bibi akapitisha kidole kwenye rangi. Vidole vya mshonaji huona mshono hata gizani. Vikapanda, vikapita alama hii na ile, vikasimama penye mkato ulioenda upande.

"Simama hapa," akamwambia mtoto.

Chiriku alimzidi mama yake kwa upana wa kidole. Akaushika ule mkato, akauliza kwa nini Bibi Mdogo amempaka mama rangi.

Yule mama akawasihi walale kibandani, kile chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Bibi akakubali, akarudi kwenye gari kuchukua begi. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani, miswaki mapajani. Alieleza kwamba wale ni wakwe, wamezoea makubwa, angewalaza wapi? Asingeweza kuwapa nafasi mbaya. Mwanawe angeonekanaje?

"Wewe ni wangu, Dada. Nilijua wewe utanielewa."

"Ungeniomba, ningekupa. Ungeniachia mlango tu."

Bibi akafunga zipu ya begi.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu mdogo, kwa mazoea ya tangu utotoni.

"Nimeshona miaka arobaini. Mshono ulioniachia ni ule ambao sikuwahi kuukagua."

Mdogo alijua jibu. Machozi yalionyesha hivyo. Lakini alisema, "Sijui, Dada. Nakupa mji."

"Sitaki mji. Nilitaka kibanda cha mbao, siku tano."

Siku ya kuondoka, mdogo alikuja kibandani amevaa viatu vya kupandia kilima, akanyoosha mkono kama kila mwaka. Bibi akamwekea ufagio.

Kisha akapanda mwenyewe, akipumzika mara tatu, Chiriku mbele yake. Mtunza kambi, aliyekwisha kuelezwa yote, aliondoa kikombe cha maua, naye akatundika cha bluu, akakitikisa kuona kama kimeshika. Chini, gari-nyumba lilipiga honi mara moja, likasubiri, likapiga tena. Bibi akamuuliza mzee basi la mchana linapita saa ngapi.