Printa ya Baba Mkwe

Eliana alikuwa na miaka minne ndani ya ndoa, na kwa miaka hiyo yote baba mkwe wake, Mzee Gaspari, hakuwahi kumwambia neno hata moja. Si kwamba walikosana. Ukoo wa mzee ulishika mila yake: baba mkwe na mkamwana hawasemeshani uso kwa uso. Linalotakiwa kusemwa hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu huyo alikuwa mama mkwe, Mama Asnath. Hata shikamoo ya asubuhi mzee aliipokea kwa kikohozi. Kikohozi kimoja kilikuwa marahaba. Viwili, maana yake chai imechelewa.

Njia ya kuimaliza mila hiyo ilikuwepo, na kila mtu pale kijijini Mitundu aliijua. Siku baba mkwe akimsemesha mkamwana wake, papo hapo anatoa mbuzi jike, mbuzi wa kufungua kinywa, na kuanzia hapo wanaongea kama watu wengine. Wazee wengi humtoa mbuzi huyo kabla mwaka haujaisha. Mzee Gaspari alikuwa na mbuzi kumi na wanne, na bado alikuwa anafikiria.

Sasa Jumamosi moja Mama Asnath aliondoka alfajiri kwenda shambani kupura alizeti. Nyumbani walibaki watatu: Eliana, mzee, na Damari, mtoto wa miezi tisa, meno mawili.

Ndiyo siku hiyo hiyo ambayo Eliana aliingoja tangu masika. Chumba cha mbele cha nyumba yao alikigeuza steshenari. Shule aliiacha kidato cha pili, akairudia ukubwani kwa masomo ya jioni, Damari mgongoni, akinyonya katikati ya hesabu. Somo lililomkaa kichwani kuliko yote lilikuwa kompyuta. Mume wake Nathan, anayerina asali kule Rungwa, alipouza madumu ya msimu alimletea kompyuta mpya, nyembamba kama daftari. Na jana yake Mwalimu Mathayo wa shule ya msingi alimwachia mtihani wa darasa la sita ulioandikwa kwa mkono, akasema, "Mama Damari, mimi nimechoka kusafiri na mitihani mpaka Itigi. Ukiuweza huu, kazi ya shule yote ni yako, muhula kwa muhula. Ila kesho saa nane gari la Itigi linaondoka. Mtihani ni Jumatatu. Ikifika saa nane sijapata kitu, napanda, na sitajaribu tena."

Kuuandika aliuandika, safi, hata michoro ya pembetatu. Kilichobaki kilikuwa kuuchapa kwenye karatasi.

Printa iliyokuwepo ilikuwa ya Mzee Gaspari. Alikuwa katibu wa chama cha ushirika miaka ishirini na miwili, na siku ya kumuaga wakampa printa ya ofisi pamoja na kompyuta yake. Ile kompyuta, mzee alisema, ilikufa zamani. Printa ilibaki, nzito kama jiwe la kusagia, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Tundu lake la waya lilikuwa pana kama mdomo wa kambale, na kompyuta mpya ilikuwa na vitundu vya kupitisha ukucha. Nathan akaagiza kutoka Dodoma waya wenye kichwa kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili.

Saa tatu asubuhi Eliana akauchomeka. Mzee alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, amegeuza mgongo nusu, jicho moja ndani.

Kompyuta ikakaa kimya. Eliana akasukuma waya. Mzee akakohoa mara tatu, kikohozi ambacho hakikuwa na maana yoyote iliyojulikana. Kisha akamgeukia mjukuu wake aliyekuwa mkekani akitafuna kifuniko cha kalamu.

"Damari," akasema kwa heshima zote, "mwambie mama yako waya hauingii kwa nguvu. Una skrubu pembeni."

"Ba-ba-ba," Damari akafikisha.

Eliana akauma mdomo asicheke. "Damari, mwambie babu nimesikia. Muulize skrubu zinakazwa upande gani."

"Damari, mwambie kulia."

Wakaenda hivyo saa mbili nzima. Mjumbe alinyonya mara mbili na kujikojolea mara moja, lakini kazi ilisonga. Kufikia saa tano kompyuta ilikubali kwamba kuna kitu upande wa pili wa waya. Eliana akashusha pumzi, akabonyeza.

Printa ikanguruma. Taa ikawaka, harufu ya vumbi la moto ikajaa chumba, karatasi ikatoka. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja: vialama, mishale, nyota, herufi zenye nukta zisizo za nchi hii. Chini yake peupe. Ikafuata karatasi ya pili, mstari mwingine. Ya tatu. Ya nne. Printa ilishika mwendo, ikatema karatasi kama mtu aliyekuwa na mengi moyoni.

Chediel, fundi cherehani wa chumba cha jirani, akaja na futi yake shingoni kuangalia kelele. Akaokota moja, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mama Damari," akasema kwa sauti ya ibada, "mashine yako imenena kwa lugha. Nani hapa ana karama ya kutafsiri?"

"Chediel, nisaidie kuizima, acha mahubiri!"

Wakachomoa umeme. Karatasi thelathini na moja zilikuwa chini. Mwalimu Mathayo, aliyechungulia kuona maendeleo, akaichukua moja akaisoma kwa makini, kiwiko mlangoni.

"Nikiwapa hii Jumatatu," akasema, "kwa mara ya kwanza darasa zima litalingana. Sifuri wote, na hakuna atakayelalamika."

Akatazama saa yake. Begi la safari alikuwa nalo begani, na Eliana aliliona.

Akajaribu tena. Alibadilisha hiki, akachagua kile, kompyuta ikamwonyesha orodha ndefu ya majina ya printa za dunia nzima, na ya mzee haikuwemo. Akachagua dada ya hiyo printa, akachagua shangazi yake. Ikanena kwa lugha tena. Saa saba kasorobo. Na hapo, katikati ya vita, Damari akalala.

Mzee alimwangalia mjumbe wake, mdomo wazi, kifuniko cha kalamu shavuni. Alikuwa na la kusema, na hakuna wa kulipeleka. Akaitazama printa. Akautazama ukuta. Mwisho akasema, "Chediel, mwambie aizime dakika tano, ipoe, kumbukumbu itoke."

"Mama Damari," Chediel akatangaza, "baba yako anasema uizime dakika tano, na ukiwa umeizima uifanyie maombi ya kufungua vifungo."

"Sijasema maombi!"

"Anasema maombi yawe ya kimya kimya."

"Chediel! Mwambie asiguse ule waya wa nyuma."

"Anasema uguse ule wa nyuma."

"Asiguse!"

"Mzee, mimi fundi nguo, sijui waya upi ni upi. Nafikisha kadiri ninavyoelewa."

Mwalimu Mathayo alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Eliana hakucheka. Alikuwa ameketi chini, karatasi zimemzunguka, na aliona kazi ya muhula kwa muhula ikipanda gari la Itigi. Angekuwepo Mama Asnath, aliwaza, maneno yasingepotea. Mama Asnath harudii maneno ya mzee moja moja kama kasuku. Amekaa naye miaka thelathini na tano, anajua akisema hiki anataka kile, na anajua kukisema kwa namna ambayo Eliana ataelewa. Huyu Chediel anabeba tu asichokijua.

Akautazama ule waya wa Dodoma.

Huu nao ni Chediel.

Akasimama ghafla hadi Chediel akarudi nyuma. "Muulize baba," alisema, "ile kompyuta ya ushirika, iliyokaa na printa hii miaka yote, ilizikwa wapi?"

Mzee Gaspari hakungoja kufikishiwa. Aliangalia vidole vya miguu yake. "Mwambie... ipo chumbani kwangu. Lakini imekufa."

"Baba anasema..."

"Nimesikia, Chediel. Nendeni mkailete, wewe na Mwalimu. Mimi siwezi kuingia huko." Chumba cha baba mkwe, mkamwana hata ufagio wake hauvuki kizingiti.

Wanaume wawili wakaingia. Kisha sauti ya Chediel ikatoka ndani, kubwa, yenye furaha ya mtu aliyefumania.

"Mzee! Mbona marehemu ana joto?"

Wakatoka wameibeba, kioo chake kikubwa kama kichwa cha ng'ombe. Na kweli ilikuwa na joto. Mzee akajikuna kidevu.

"Huwa nacheza karata kidogo," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Mchana. Kupumzisha macho. Jana nilisahau kuizima."

Miaka minne nyumba nzima ilitembea kwa kunyata kila baada ya chakula cha mchana, kwa sababu mzee amelala.

Ikawekwa mezani kando ya printa. Waya wa zamani, uliokuja nayo, ukaingia tundu la zamani kama mguu kwenye ndala zake. Eliana akafanya alilofundishwa jioni moja kwa mwanga wa taa ya chemli: mtihani wake aliuhifadhi kwa namna ya zamani, ambayo kompyuta ya umri ule inaweza kuusoma, akautia kwenye flashi, akaichomeka kwenye marehemu. Kompyuta ikawaza, ikakoroma kidogo, ikawaza tena. Nje, gari la Itigi likapiga honi ya kwanza.

"Dakika kumi," Mwalimu akasema.

Eliana akabonyeza. Printa ikanguruma ule ule mngurumo, lakini karatasi ilipotoka ilikuwa imeandikwa, kwa herufi nyeusi zilizonyooka: MTIHANI WA NUSU MUHULA, DARASA LA SITA, HISABATI. Na pembetatu yake chini, kona zote tatu.

"Haleluya," Chediel akanong'ona.

Karatasi kumi. Ishirini. Mwalimu alizipokea zikiwa za moto, akizihesabu, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Walihitaji sitini na mbili. Honi ya pili. Karatasi ya arobaini na tatu ikaingia nusu, ikajikunja, printa ikalia kama inasagiwa mchanga. Eliana akaruka, akaishika ile pembe iliyochomoza mbele, akajiandaa kuivuta.

"Eliana! Usivute mbele, utaivunja! Fungua nyuma! Nyuma kuna mlango!"

"Huu, baba?"

"Huo! Bonyeza kijani! Sasa vuta taratibu kuelekea kwako... taratibu... usiikate..."

"Inakuja, baba."

"Yote?"

"Yote."

"Funga. Haya, bonyeza tena."

Printa ikavuta pumzi, ikaendelea. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Wao wawili walikuwa wameinama juu yake, vichwa karibu vigongane. Ndipo Eliana alipogundua kwamba Chediel na Mwalimu wanawakodolea macho. Akainua macho. Mzee naye akainua macho. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba macho ya baba mkwe wake ni ya kahawia, kama ya Damari.

"Mbuzi," Chediel akasema polepole.

"Mbuzi gani?" mzee akajiweka sawa. "Nilikuwa nasema na printa."

"Printa inaitwa Eliana?"

Mzee akamtafuta shahidi. Damari alikoroma. Honi ya tatu ikalia. Mwalimu Mathayo akachungulia barabarani, akampungia dereva mkono aende zake, kisha akarudi ndani na kulishusha begi chini.

"Mimi nimesikia vizuri," akasema. "Na Jumanne nakuletea mtihani wa darasa la nne, Mama Damari. Ni wa sayansi, wenye mchoro wa panzi. Jiandae."

Eliana akashika karatasi za moto akazipanga kingo zikalingana, akazipanga tena.

Jua lilipoanza kulegea Mama Asnath akafika na gunia la alizeti kichwani. Habari ilikuwa imemtangulia. Chediel alimsubiri njia panda kwa ajili hiyo tu. Akasimama mlangoni, mavumbi hadi kope, akamtazama mume wake, akaitazama kompyuta iliyokuwa marehemu, akasema neno moja:

"Jike?"

"Jike," mzee akakubali. "Yule mwenye doa."

"Mwenye doa ana mimba."

Mzee akafumba macho. "Basi na mimba yake." Akashika kigoda, akakisogeza ndani kabisa ya duka, akakaa mbele ya mkamwana wake. "Lakini kwa kuwa mbuzi ameshaenda, acha niseme. Nimekaa nayo miaka minne. Mama Damari, chai yako sukari haiikaribii. Mlango wa uani unaufunga kwa kishindo, mtu unashtuka. Ule ubao wako wa nje, 'steshenari', herufi za mwisho zimebanana, ungeanza kushoto zaidi. Na huo mtihani..."

"Una kosa, baba?"

"Nimeutafutia kosa tangu saa nane." Akakohoa, kimoja. "Sijaliona. Jumanne nitakaa hapa mwenyewe, mambo ya panzi. Printa hii ina tabia zake, nitakufundisha."

"Asante, baba. Na karata utachezea wapi?"

Mama Asnath akageuka. "Karata zipi?"

Damari akaamka. Akamwangalia babu, akamwangalia mama, akangoja. Wakaendelea kusemezana bila kumwangalia, na kwa kuwa hakuna aliyempa ujumbe wa kupeleka, akaanza kulia.