Taa Nyekundu ya Nyumba ya Vondra

Babu yangu, Bohumil Vondra, hakuanza na maiti. Alianza na makabati. Watu wa Dubova, mji wetu, hupenda kusimulia kwamba ukoo wetu ulizaliwa na jeneza mkononi, uongo mtupu. Mzee alivuka bahari akaja Nebraska na randa, msumeno na hasira, na vyote vitatu bado tunavyo. Majira yake ya baridi ya kwanza akafa mtu, mbao hakuna aliyekuwa nazo ila yeye, na alizokuwa nazo alikuwa ameshazipigilia kabati la bibi harusi mmoja aliyeghairi. Akaling'oa miguu, akalilaza chali, kazi ikaisha. Padri alidai tu kioo cha mlangoni kitolewe, kwa kuwa marehemu hana haja tena ya kujitazama.

Tangu hapo duka letu likawa na milango miwili. Mbele makochi, nyuma majeneza, na katikati bibi yangu akiuza mapazia kwa pande zote mbili. Baadaye Babu akanunua gari refu jeusi. Kwa kuwa ndilo gari pekee mjini ambamo mtu angeweza kulala akanyoosha miguu, likawa gari la maiti na gari la wagonjwa pia, kama ilivyokuwa katika kila mji mdogo wa kwetu. Msishangae. Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Ukimbeba mgonjwa, unaweka taa nyekundu juu ya paa, unafungua mapazia na unakimbiza. Ukimbeba maiti, taa inabaki kwenye ndoano yake mlangoni, mapazia yanafungwa, na unakwenda mwendo wa heshima. Mji mzima ulijua. Taa, ombeeni. Mapazia, vueni kofia.

Sasa mimi. Naitwa Vlasta, na kiangazi kile cha mwaka 1957 nilikuwa na cheti cha chuo cha mazishi, mikono isiyotetemeka na mdomo ambao Babu alisema ungefukuza hata waliokufa. Baba yangu alishakimbilia Omaha kuuza friji, akidai ni biashara ileile ya baridi. Babu alikuwa amechoka na alitaka kukabidhi nyumba baada ya mavuno. Tulibaki wajukuu wawili, mimi na binamu yangu Lumir. Na Babu alimtaka Lumir.

Lumir ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini alikuwa anaomba radhi kwa maiti. "Samahani, bwana, nakuinua mkono kidogo." Akishaomba, anasubiri jibu. Na gari aliliendesha mwendo mmoja tu, ule wa kwenda makaburini.

"Mwanamume wa Dubova hataki kuvishwa suruali na binti aliyecheza naye polka," Babu aliniambia.

"Na wanawake, Babu? Wao wanapenda kuvishwa na Lumir?"

"Wanawake hawajawahi kulalamika."

"Wamekufa, Babu."

"Ndiyo nakwambia, hakuna malalamiko."

Utajibizana vipi na mtu wa namna hiyo? Nilirudi nyuma nikashona mito ya majeneza kwa hasira, na mito ile ilikuwa imara kupita kiasi.

Ijumaa moja simu ikalia. Alikuwa Bi Ruzena Kvapil: mumewe, Mzee Ignac, yuko sakafuni jikoni, ameshika tumbo, anaugua kwa sauti ya ng'ombe anayezaa. Nikanyakua funguo. Babu akanipokonya.

"Mgonjwa ni mwanamume, na Ruzena anasema amevaa nguo za ndani na kofia ya kulalia tu."

"Anaumwa tumbo, Babu, haendi kuposa."

"Lumir ataenda."

Basi akaenda Lumir. Nilikuwa bado nanung'unika nilipoinua macho nikaiona taa nyekundu imetulia kwenye ndoano yake. Na jana yake tulikuwa na mazishi, kwa hiyo mapazia yalikuwa bado yamefungwa.

Nilitoka na taa mkononi na aproni kiunoni, lakini gari lilishamchukua mzee na lilikuwa linakata barabara kuu, taratibu, la heshima, mapazia yamefungwa, Bi Ruzena kiti cha mbele analia na leso. Kinyozi alivua kofia, na mteja wake aliyenyolewa nusu akasimama na povu lake. Mwenye duka la mikate alishusha pazia la dirisha, kisha, namjua yule, akaenda moja kwa moja kuwasha oveni. Kwetu, mtu hajapoa sawasawa kolache za msiba, vile vimkate vyetu vya matunda, zimeshaumuka.

Halafu kengele ikaanza. Kanisani kwetu hugongwa mara moja kwa kila mwaka alioishi marehemu, na mpiga kengele wetu, Cyril, aliijua miaka ya kila mtu kuliko mama yake. Nilipanda ngazi za mnara huku natweta.

"Acha, Cyril. Yu hai."

"Gari limepita, mapazia yamefungwa," akasema huku anavuta kamba. "Thelathini na nane. Unataka nini zaidi?"

"Lumir amesahau taa. Acha, nakwambia."

"Siwezi kuacha hapa. Arobaini. Nikiacha sasa mji utajua amekufa mtu wa miaka arobaini, na hao tunao wengi, na wake zao wako nyumbani peke yao. Unataka niwaue wanawake kwa mshtuko?"

Nilikaa chini kwenye ngazi nikamsikiliza akimmalizia Mzee Kvapil umri wake wote. Ningeweza kumtupa dirishani, ila angekuwa mzigo wa Lumir.

Yaliyotokea ndani ya gari alitusimulia Lumir mwenyewe baadaye. Mzee Kvapil, nyuma huko, aliisikia kengele akaacha kugumia ili ahesabu.

"Sabini na nne," akasema. "Ruzena, nani mwingine ana sabini na nne?"

"Labda Havranek," akajibu mkewe huku analia.

"Havranek, maskini. Na ngazi yake bado ninayo." Akavua kofia yake ya kulalia, akaiweka kifuani, akamwombea Havranek mpaka hospitali.

Hospitali ilikuwa mji wa pili. Daktari alimbonyeza, akamgeuza, akamwuliza amekula nini. Alikuwa amekula madonge ya plamu, sufuria nzima, kwa kuwa Bi Ruzena alikuwa ameenda sokoni. Daktari alifungua dirisha, akamwambia ajiachie bila aibu, na tukaambiwa atarudi kesho.

Huku Dubova, mazishi ya kesho yalikuwa yameshaiva. Kaburi lilichimbwa. Kolache zilikuwa zimejaa meza tatu za ukumbi. Bendi ilifanya mazoezi, na Havranek mwenyewe, mzima wa afya, alipuliza tuba, lile tarumbeta lake kubwa, mpaka mishipa ikamtoka. Niliwaambia wote kwamba mzee hajafa, nao wakanishika mkono, wakaniambia pole, msiba huingia kichwani.

Babu peke yake aliniamini, kwa kuwa alienda mlangoni akaikuta ndoano tupu na taa mkononi mwangu. Alikaa kwenye kochi la dukani, lile lisilouzika.

"Miaka yote hii," akasema, "hatujawahi kuzika mtu asiye tayari."

Asubuhi ya Jumamosi mkulima mmoja alivunjika mguu. Mkewe alipotaka kutupigia simu, alimkataza akaomba apakiwe kwenye lori la nguruwe. Habari hiyo ilimfikia Babu kabla ya kahawa. Nilimwona anavyolitazama lile gari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaogopa kweli. Wagonjwa wakituogopa leo, kesho hata maiti watapelekwa mji wa pili, na mimi nitabaki na cheti changu nikishonea watu mapazia.

Nikamfuata Mzee Kvapil mwenyewe, pamoja na Bi Ruzena aliyelala naye hospitali. Taa nyekundu juu ya paa, mapazia wazi, na mwendo nisioutaja hapa. Tuliporudi, barabara kuu ilikuwa tupu. Mji wote ulikuwa ukumbini. Mzee akasikia bendi.

"Ni msiba wa Havranek," akaniambia. "Simamisha, binti, nikatoe pole. Nina kanzu ya hospitali lakini yeye atanielewa."

Kabla sijajibu ameshashuka. Alifungua mlango wa ukumbi, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Havranek na tuba yake. Walitazamana. Tuba ilitoa sauti ambayo haimo katika muziki wowote.

"Wewe si umekufa?" akauliza Mzee Kvapil.

"Nilidhani ni wewe," akasema Havranek.

Babu yangu akasimama. Hakumtazama Lumir, hakunitazama mimi. "Ni wewe, Ignac," akasema. "Kosa ni la nyumba yangu. Mimi ndiye niliyemnyang'anya funguo mtu aliyejua kazi."

Mzee Kvapil alizitazama meza. "Kolache ni za plamu?"

"Ignac," akasema Bi Ruzena.

"Nauliza tu. Ni msiba wangu." Akakaa kiti cha wafiwa, akajitandika leso kifuani, akaagiza mazishi yaendelee. Padri alilazimika kusoma aliyoyaandika, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kiasi katika kula, na hapo hata kaburi lingecheka. Walipomaliza kushika mbavu, mzee akauliza, "Na nani aliyeniendesha?"

Lumir alisimama. "Mimi, mzee. Samahani." Akasubiri jibu, kama kawaida yake, kisha akageuka kwa Babu. "Babu, mimi sitaki maiti. Nataka kuoka mikate. Nimetaka tangu nikiwa mdogo." Na mwenye duka la mikate, akiwa bado na unga masikioni, akamsogezea kiti.

"Basi sikilizeni," akasema Mzee Kvapil. "Mwanamume ameshanizika mara moja. Mara ya pili namtaka Vlasta."

"Atakuvisha suruali," akasema Babu kwa sauti ndogo.

"Bohumil, nani unadhani ananivisha sasa? Ruzena, sema."

"Na kila siku ananyanyua mguu usiotakiwa," akasema Bi Ruzena.

Watu walicheka, lakini Babu hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka, na furaha yote ikanitoka. Nilikuwa nimeshinda mbele ya mji mzima, na aliyeshindwa ni babu yangu. Siku mbili hakuniambia hata naomba chumvi.

Jumatatu, mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa kinyozi, anatazama huku na huku. "Vlasta, siku yangu ikifika, mke wangu ataleta tai ya kijani. Umwambie imepotea." Akaondoka. Akaja Cyril: kengele yake igongwe polepole, na aliyechelewa asipewe kolache. Akaja Havranek kuuliza kama tuba inaingia jenezani. Nikamwambia inaingia, ila yeye atalala ubavu. Walikuja mmoja mmoja, wanaume wazima wa Dubova, na kila mmoja alikuwa na jambo lake ambalo asingemwambia mwanamume mwenzake.

Babu alikuwa karakanani, anapiga randa ubao uleule tangu asubuhi. Kutoka pale aliwaona wote wakiingia. Nilisikia randa ikinyamaza. Mlango wa karakana unafungukia ofisini kwangu, hatua chache tu, lakini hakuupita. Alizunguka nje, akaja mlango wa nyuma, akagonga.

Alikuwa ameshika kofia mkononi. "Una nafasi?"

"Karibu, Babu. Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti pamoja. "Jeneza la mwaloni," akasema. "Ule niliouweka juu. Suti ni ile ya arusi, utaipasua mgongoni maana haifungi tena. Masharubu usiyaguse."

"Sitayagusa."

Akageuza kofia, akaigeuza tena. "Kuna kidole. Mguu wa kushoto. Tangu randa iniangukie. Hakuna aliyewahi kukiona ila bibi yako."

"Nitakivika soksi kabla ya kitu kingine chochote, Babu."

"Ukiwa peke yako?"

"Nikiwa peke yangu."

Kisha akainama, akiguna, akalegeza kamba za kiatu, akavua kiatu, akavua na soksi.

"Basi kitazame sasa," akasema, "usije ukashtuka siku hiyo."

Nikapiga magoti nikakitazama. Kilikuwa kibaya kweli.